Tume ya Kulowa

Nchi hii haipo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji akiiona nchi yake humu ndani, hilo ni tatizo lake na macho yake. Inaitwa Jamhuri ya Stara. Inatawaliwa na Chama cha Mwavuli, na kiongozi wake, Mheshimiwa Mshika Mpini, ameushika mpini huo miaka thelathini na miwili bila hata kubadilisha mkono. Kila mtoto anayezaliwa Stara hupewa mwavuli mweusi kabla hajapewa jina. Watu wakikutana njiani mmoja husema "Mwavuli!" na mwenzake hujibu "Juu!", na asiyejibu huulizwa maswali mengine.

Shuleni hufundishwa kwamba tone la kwanza la mvua likimdondokea mtu utosini huleta nimonia, la pili huleta kifafa, na la tatu huleta utovu wa adabu. Makoti ya mvua yalipigwa marufuku zamani, kwa sababu mtu akivaa koti mikono yote miwili inabaki huru, na serikali haiwezi kujua atafanya nayo nini. Wananchi hawakulalamika. Malalamiko hupokelewa kwa fomu maalumu, na fomu zote zilikuwa kwenye ghala ambalo paa lake linavuja.

Basi katika nchi hiyo aliishi mwanamke wa miaka ishirini na sita, Kalunde, mkimbiaji wa mbio ndefu. Wazazi wake walifariki angali mdogo, na aliyemlea akasimama ni Kocha Bundala, mwalimu wa michezo aliyestaafu, mtu mrefu, mwenye goti bovu na sauti ya kuamsha mtaa. Kalunde alimwita Kocha, naye Kocha alimwita mwanangu, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kuliweka jambo hilo kwenye maandishi.

Mwaka huo Kalunde alichaguliwa kwenda kwenye Mbio za Mataifa, mkimbiaji pekee kutoka Stara. Mbio zenyewe zilikuwa zifanyike Merigunda, mji wa mbali ambako mvua hainyeshi kwa msimu, inakaa pale pale kama mpangaji. Kwa Kalunde hapakuwa na jambo lingine duniani. Alikuwa amekimbia miaka kumi na miwili kwa ajili ya asubuhi moja.

"Huko hawatakusubirishia jua," Kocha alimwambia. "Ukizoea ukavu hapa, utakwenda kujifunzia kulowa mbele za watu."

"Na hiyo nimonia, Kocha?"

"Radi ikipiga, ndani. Mvua ikinyesha tu, nje. Wewe si chumvi, mwanangu."

Wakaanza. Kila asubuhi mvua ilipokamata, walitoka kwenda kwenye barabara ya udongo mwekundu nyuma ya soko. Kocha alimfundisha kupaka mafuta mapajani na kwapani nguo isije ikamchubua, kufunga kamba za viatu mara mbili, kufupisha hatua kwenye tope na kutoliamini dimbwi lolote. Alisimama na saa yake mkononi, bila mwavuli, maji yakimchuruzika mpaka kidevuni, akimpigia kelele za kumhimiza. Wakimaliza alimvisha nguo kavu haraka na kumkabidhi chai ya tangawizi ya moto. Miezi miwili ikapita hivyo. Kalunde hakupiga chafya hata moja, na muda wake ukashuka kwa dakika tatu nzima.

*

Matatizo yaliletwa na makofi.

Watu wa sokoni walikuwa wamezoea kumwona akipita. Asubuhi moja alipita kwa kasi ya ajabu, amelowa chepechepe, anacheka. Seremala mmoja akapandwa na furaha akataka kumpigia makofi. Lakini makofi hayapigwi kwa mkono mmoja. Akaukunja mwavuli wake, akauweka kwapani, akapiga makofi, akalowa. Kesho yake watu wote wa mtaa walikwenda dukani kwake kumwangalia. Walimkuta anapiga randa, anaimba, mzima kabisa. Keshokutwa walipiga makofi watu saba, na baada ya wiki mtaa mzima.

Taarifa ikafika bungeni. Waziri wa Hali Njema akasimama akasema kwa uchungu mkubwa: "Mheshimiwa Spika, ikiwa mtu anaweza kulowa na asife, basi sisi humu ndani tunawakinga wananchi na kitu gani?" Bunge likapigwa na butwaa, kwa sababu swali hilo halikuwa kwenye orodha ya maswali. Siku hiyo hiyo ikaundwa Tume ya Kuchunguza Kama Mkimbiaji Anafaa Kufanya Mazoezi ya Nje Wakati wa Mvua, yenye wajumbe kumi na saba. Mmoja wao aliwahi kukimbia, alipofukuzwa na nyuki. Mwenyekiti alikuwa Profesa Kitunzi, bingwa wa magonjwa ya kuku.

Tume ilimpa Kalunde onyo moja tu: ikithibitika kwamba alijitosa mvuani kwa ukaidi wake, bila mwongozo wa mtaalamu, jina lake litafutwa kwenye Mbio za Mataifa. Kukiwa na mtaalamu aliyemwongoza, jambo litahesabiwa kuwa utafiti, na atakwenda.

Kalunde alipumua. Mtaalamu si alikuwepo?

"Nitawaambia kila kitu," Kocha alimhakikishia asubuhi ya ushahidi, wakiwa barabarani, manyunyu ya mwisho ya msimu yakiwaangukia. "Siku kwa siku, mzunguko kwa mzunguko. Wewe kanywe chai yako."

*

Kwa desturi ya Stara, mtu akiingia kwenye ukumbi wa serikali lazima afungue mwavuli wake humo humo ndani na akae chini yake mpaka kikao kiishe. Hiyo ni heshima. Matokeo yake ni kwamba katika kikao chochote rasmi hakuna anayeuona uso wa mwenzake. Unaona miavuli, na chini ya miavuli unaona viatu.

Kalunde alikaa safu ya pili. Aliisikia sauti ya Kocha ikiapa, kisha akavitafuta viatu vyake mpaka akaviona, vile vya kahawia vyenye soli iliyoshonwa upya.

"Ndugu shahidi," Profesa Kitunzi alisema, "huyu binti alipokuwa akilowa, wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Ukifanya nini?"

"Nimekaa chini ya mwavuli wangu. Nilimwonya mara nyingi. Nilimwambia mwanangu, mvua inaua. Vijana wa siku hizi hawasikii."

"Kwa hiyo barabarani hukuwepo?"

"Sikuwepo hata siku moja."

Kalunde alidhani amesikia vibaya. Aliinama avitazame vizuri vile viatu. Vilikuwa na tope jekundu mpaka kwenye kamba, bichi, la asubuhi ile ile. Alitaka kusimama apige kelele, lakini katika Stara asiyeulizwa hasimami. Moyo ulimuuma vibaya, maumivu ambayo hakuyapata hata kwenye kilomita ya arobaini. Kikao kikaahirishwa kwa ajili ya chai na sambusa.

*

Ingekuwa nchi nyingine, mambo yangeishia hapo. Stara ni nchi inayoheshimu sayansi. Profesa Kitunzi akasema ushahidi wa mdomo hautoshi, Tume lazima ijionee mkimbiaji akilowa na kuugua. Kwa bahati mbaya Tume ilikuwa imekaa vikao vingi mno, na mvua zilikuwa zimekwisha. Likaagizwa gari la zimamoto.

Gari lilinyunyiza maji uwanjani tangu saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Wakati huo huo Mtaa wa Maseremala ulishika moto, ukateketea nusu. Msemaji wa serikali alieleza kwamba moto huo haukuwa umefuata utaratibu wa kuomba gari. Kalunde alikimbia mizunguko sitini ndani ya maji yale, kwa hasira zaidi kuliko kwa miguu, akamaliza akajifuta uso akauliza kama waongeze. Wajumbe kumi na saba, waliokaa chini ya miavuli kwenye upepo wa bomba, waliondoka wote wana mafua.

Jambo hili liliiweka Tume pabaya. Mwenye hatia alikuwa mzima na mahakimu walikuwa wanapenga kamasi.

Ndipo alasiri moja Kocha Bundala akabisha hodi kwa Kalunde. Kalunde alimfungulia, akamtazama, akamsalimia kwa sababu amelelewa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akakaa bila kukaribishwa. "Najua una kinyongo na mimi. Lakini ulitaka niseme nilikuwepo, nifungwe? Nani angekupeleka Merigunda? Nimesema nilivyosema ili nibaki karibu nao. Nimekupambania. Tazama."

Akatoa barua. Tume ilikuwa tayari kumruhusu Kalunde aende mbioni, kwa sharti moja: kwanza augue. Alale hospitalini wiki mbili, wananchi wamwone, wapate fundisho, kisha apone kwa jitihada za serikali na kupanda ndege.

"Lakini siumwi, Kocha."

"Kwani nani amesema uumwe? Ulale tu. Wiki mbili! Umekimbia miaka kumi na miwili, kulala wiki mbili kutakushinda?" Machozi yakamlengalenga. "Mimi ndiye niliyekufungia kamba za viatu vya kwanza. Nitakuuza mimi?"

Na Kalunde, ambaye alikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumwamini, akamwamini tena. Tusimcheke. Aliweka sahihi.

*

Alifunguliwa wodi yake peke yake, iliyoandikwa mlangoni Wodi ya Waliolowa. Ilikuwa na kitanda kimoja, mgonjwa mmoja na wauguzi tisa. Daktari alimpima joto kila asubuhi, akakuta la mtu mzima, akaandika la mtu anayekufa, kwa kufuata waraka. Wanafunzi waliletwa kwa mistari kuchungulia dirishani. Aliagizwa akohoe wanapopita, lakini alikuwa hajui kukohoa vizuri, mapafu yake yakikataa, ikabidi muuguzi mmoja aajiriwe kusimama nyuma ya pazia akimkoholea.

Hakulalamika. Chini ya blanketi alinyoosha miguu, akabana na kuachia misuli, akihesabu. Safari ilikuwa Jumanne saa nne, na Kocha alikuwa ameahidi kumfuata na gari saa mbili. Jumanne hiyo Kalunde aliamka mapema, akaoga, akafunga begi lake, akavaa viatu vya kukimbilia akakaa ukingoni mwa kitanda. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Saa nne wauguzi wakawasha televisheni, na ndani yake akamwona Kocha Bundala.

Alikuwa uwanja wa ndege, ndani ya suti mpya, chini ya mwavuli, ingawa anga lilikuwa jeupe. Nyuma yake walipanga foleni ya kupanda ndege watu arobaini: Profesa Kitunzi, wajumbe wote wa Tume, wake wa baadhi yao, washika miavuli saba, na afisa mmoja wa kushika hotuba. Mtangazaji alisema Kocha ameteuliwa Mkurugenzi wa Mazoezi ya Ndani na kiongozi wa msafara.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, mkimbiaji wetu yuko wapi?"

"Kwa masikitiko makubwa, mkimbiaji wetu ni mgonjwa mahututi," Kocha alijibu. "Alikaidi miongozo. Binafsi nilimlea kama mwanangu, na niseme tu, ameniangusha."

Kisha akapunga mkono na kupanda ngazi, goti lake bovu likimsumbua. Muuguzi wa nyuma ya pazia, aliyeona wageni kwenye televisheni, akakohoa. Kalunde alibaki amekaa na viatu vyake miguuni mpaka mchana ukaisha. Hakuna aliyethubutu kumwambia avivue.

Msafara ulirudi baada ya wiki tatu. Taarifa rasmi ilisema kwamba mvua kubwa ilinyesha Merigunda siku ya mbio, wakimbiaji wa mataifa mengine wote walilowa vibaya, na Stara ilikuwa nchi pekee ambayo ujumbe wake wote ulirudi mkavu. Ikatangazwa siku ya mapumziko.

*

Kalunde alitolewa wodini mwezi uliofuata, kitanda kilipohitajika kuhifadhia miavuli. Lakini faili lake halikufungwa. Kupona kwa mgonjwa wa kitaifa lazima kuidhinishwe na Mkurugenzi wa Mazoezi ya Ndani, na Mkurugenzi alikuwa na shughuli nyingi. Kwa maandishi, Kalunde alikuwa mahututi, na mtu mahututi hasajiliwi kwenye mbio zozote. Akapata kazi ya kufua mashuka hospitalini hapo hapo. Mvua zikinyesha alikimbia nyuma ya jengo la kufulia, peke yake, akijihesabia mwenyewe mizunguko. Kocha hakufika kumwona hata mara moja. Alituma machungwa.

Miaka miwili ikaenda hivyo. Halafu siku moja Mheshimiwa Mshika Mpini akazuru mji jirani, na wakati anakagua gwaride, mbele ya kamera zote, upepo ukaupindua mwavuli wake, ukabaki umekodoa vijiti juu, na mvua ikamwagikia kiongozi dakika kumi na moja.

Stara nzima ikasubiri afe. Hakufa. Jioni ikatoka taarifa kwamba Mheshimiwa alikuwa amelowa makusudi, kwa mapenzi yake kwa taifa. Kufikia mwisho wa wiki kulowa kulikuwa jukumu la kila mwananchi. Watumishi walipangwa kwenye viwanja vya wizara, mvua inawapiga, mahudhurio yanachukuliwa. Ikaamriwa miavuli ifungwe kwenye kumbi zote, na salamu ikawa "Mwavuli!" "Chini!" Profesa Kitunzi akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba maji ya mvua yanakuza ubongo wa kuku.

Ikawa sasa anatafutwa mzalendo aliyewafundisha watu kulowa kabla ya wote, apewe nishani. Kocha Bundala akajitokeza. Kanuni ilitaka shahidi mmoja.

Akamkuta Kalunde kwenye kamba za kuanikia mashuka.

"Mwanangu, umekonda."

"Shikamoo, mheshimiwa."

Neno hilo lilimchoma, ilionekana. Akatazama chini. "Usiniite hivyo. Sikiliza. Mbio za Mataifa ni mwezi wa tisa, kule kule Merigunda. Bado una miguu, nimeulizia, nimeambiwa unakimbia huku nyuma. Njoo useme mbele ya Tume kwamba nilikuwepo. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi! Sikuombi uongo. Ukishasema, naweka sahihi faili lako papo hapo, unakuwa mzima, unakwenda Merigunda."

Kalunde aliendelea kubana shuka kwa vibanio. "Ungeweza kuweka sahihi jana," alisema. "Ungeweza mwaka jana. Nilikaa na viatu miguuni siku nzima nikikusubiri."

"Walinibana, mwanangu. Hujui walivyonibana."

"Nitakuja," alisema Kalunde.

*

Ukumbi ulikuwa ule ule na wajumbe wale wale, ila miavuli ilikuwa imefungwa kwa amri, na kwa mara ya kwanza watu walionana nyuso. Wengi walikuwa hawajui watazame wapi. Kocha Bundala alikaa kwenye kiti cha heshima, hatua nne kutoka kwa shahidi. Alikuwa amezeeka. Faili la Kalunde lilikuwa wazi magotini mwake, kalamu iko tayari, na alimtingishia kichwa kidogo, vile vile alivyokuwa akimtingishia kabla ya mzunguko wa mwisho.

Hapo ndipo Kalunde alipokaribia kusema alichotumwa. Alimtamani yule mtu wa barabarani kwa namna iliyomtia aibu.

"Ndugu shahidi," Profesa Kitunzi akauliza, "ulipokuwa ukijifunza kulowa kwa ajili ya taifa, Mkurugenzi wetu alikuwepo?"

"Kocha wangu alikuwepo kila asubuhi," alisema Kalunde. "Alilowa kuliko mimi. Nilimpenda kama baba mzazi." Akageuka akamtazama Bundala usoni. "Huyu mheshimiwa simfahamu."

Profesa akapekua karatasi zake asione palipoandikwa jibu la namna hiyo. Mwishowe akamgeukia Bundala kwa upole.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, wewe ndiye mwenye faili. Hebu tusaidie. Huyu shahidi ni mzima?"

Neno moja lilitosha, ila ushahidi wa aliye mzima ungeandikwa, na wa mgonjwa ungefutwa. Wote walimwangalia Kocha Bundala, na Kalunde pia alimwangalia, akingoja, kwa sababu hata baada ya yote hayo bado kipande chake kimoja kilikuwa kinangoja. Kocha alifungua mdomo. Akaitazama nishani iliyokuwa mezani juu ya kitambaa chake chekundu. Kisha akainamisha kichwa na kuanza kufunga kishikizo cha suti yake, polepole.

Profesa akasubiri kidogo, halafu akaandika kwamba shahidi bado anaumwa.